Nani Anayemfundisha Mtoto Kusikiliza?

Mtoto wa miaka saba amelala kifudifudi juu ya mkeka, na simu ya mamake imeegemezwa kwenye mto. Ndani ya simu mna sauti ya mtu mzima, nzito na ya upole, inayomwambia kwamba filimbi atakayoisikia sasa ni ndege. Filimbi inalia, na mtoto anacheka, kwani ndege huyo amemfahamu mara moja. Mama yuko jikoni, baba yuko kazini, na mwenye sauti yuko ng'ambo ya bahari. Naye aliyasema maneno yale siku nyingi kabla ya mtoto kugusa simu. Baada ya dakika sita kipindi kinakwisha, na kabla mtoto hajageuka upande wa pili, kingine kimeanza.

Picha hii ni ya kawaida siku hizi, wala haina ubaya ulio dhahiri. Hakuna aliyedhulumiwa. Mtoto amesikia muziki mzuri, kwa gharama ndogo, katika muda ambao huenda angeutumia kutazama upuuzi. Hata hivyo, ndani ya picha hiyo limo swali la kimaadili linalostahili kuulizwa taratibu: katika dakika sita zile mtoto amepewa nini, na amepewa na nani?

Nia ya kumfikishia mtoto muziki wa klasiki wa Ulaya kwa njia ya mashine haikuanza na intaneti. Tarehe 4 Aprili 1924, BBC iliporusha kipindi chake cha kwanza cha shule, somo lililochaguliwa lilikuwa muziki, na mwalimu wake alikuwa Walford Davies. Mwaka 1928, nchini Marekani, kiongozi wa okestra Walter Damrosch alianza katika redio ya NBC kipindi cha kuwafunza wanafunzi muziki, na kipindi hicho kikasikilizwa na mamilioni ya watoto madarasani hadi mwaka 1942. Mwaka 1936 Sergei Prokofiev alitunga mjini Moscow hadithi ya kijana Peter na mbwa mwitu, kwa ombi la Natalia Sats aliyeongoza jumba la maigizo ya watoto. Miaka kumi baadaye Benjamin Britten alichukua tuni ya Henry Purcell ya mwaka 1695, akaipitisha katika kila ala ya okestra, moja baada ya moja, kwa ajili ya filamu ya kufundishia vijana. Vipindi vya leo vya intaneti, kama vile Classics for Kids vya redio ya umma ya Cincinnati, au vile vya Ten Pieces ambavyo BBC ilivianzisha mwaka 2014 kwa shule za msingi, ni wajukuu wa juhudi hizo.

Jambo moja linaziunganisha juhudi zote hizi, nalo ni hamu ya haki. Kabla ya santuri na redio, aliyetaka kusikia okestra ya watu themanini alipaswa kuwa karibu na mji mkubwa, awe na fedha za tikiti, na awe na nguo za kumwezesha kupita mlangoni bila ya kutazamwa vibaya. Mtoto wa mkulima, au wa mvuvi, au wa kuli wa bandarini, alizaliwa na kufa bila ya kujua kwamba kitu kama hicho kipo. Mashine iliuvunja mlango huo. Anayeilaumu mashine na aanze kwa kukiri jambo hili, la sivyo lawama yake itakuwa ni lawama ya mtu aliyekwisha kushiba.

Pingamizi kali kuliko zote lilitoka kwa Theodor Adorno, mwanafalsafa wa Frankfurt aliyewakimbia Wanazi na kufika New York mwaka 1938, ambako aliingia katika mradi wa utafiti wa redio. Alikichunguza kipindi cha Damrosch pamoja na vitabu vya mazoezi walivyopewa walimu na wanafunzi, akaandika uchambuzi mrefu ambao haukuchapishwa hadi mwaka 1994, miaka 25 baada ya kufa kwake. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba mtoto alifundishwa kutambua, hakufundishwa kusikia. Alifundishwa kuidaka tuni kuu inapopita, kulitaja jina la mtunzi, kusema ni ala gani inayolia, kisha kufurahi kwa kuwa amejibu sawasawa. Furaha ya namna hiyo haitoki katika muziki. Hutoka katika ushindi wa kujibu.

Wapenzi wa ushairi hawana haja ya kufafanuliwa sana jambo hili. Wote wamekutana na mwanafunzi awezaye kuhesabu mizani nane na nane, akaonesha kina cha kati na kina cha mwisho, akatofautisha utenzi na shairi, akapata alama zote katika mtihani, na asiwe hata siku moja amesisimkwa mwili kwa ubeti mmoja. Mwanafunzi huyo hakudanganywa, kwani mizani ni mizani na vina ni vina. Lakini ameijua nyumba kwa kuhesabu milango yake, na hakuna aliyemkaribisha ndani.

Hoja ya Adorno, basi, ina uzito, ila ina upungufu wake pia, na upungufu huo ndio unaofungua njia ya jibu. Adorno mwenyewe hakufundishwa kusikiliza na redio. Mamake alikuwa mwimbaji, na dada wa mamake, aliyekaa nao nyumba moja, alikuwa mwanamuziki vilevile. Alijifunza kusikiliza kwa kuwa kati ya watu wanaosikiliza, kama mtoto ajifunzavyo lugha kwa kuwa kati ya wanenao. Aliona wazi kile ambacho kipindi cha Damrosch hakikuweza kumpa mtoto. Hakusema mtoto asiye na mama mwimbaji afanye nini.

Kabla ya kulijibu hilo, ni vizuri kutazama hadithi ambazo vipindi hivi huzitumia, maana hapo pana mzozo wake. Katika kazi ya Prokofiev filimbi ni ndege, oboi ni bata, klarineti ni paka, basuni ni babu mwenye manung'uniko, pembe tatu za shaba ni mbwa mwitu, na fidla pamoja na nduguze ni Peter mwenyewe. Mtoto hushika mara moja. Je, amesikia muziki, au amesikia hadithi iliyovalishwa muziki? Tarehe 18 Januari 1958, katika onesho la kwanza la vijana aliloliongoza Leonard Bernstein pamoja na New York Philharmonic, swali hili liliulizwa mbele ya watoto wenyewe. Bernstein aliwasimulia kisa cha shujaa arukaye angani kwenda kumtoa rafiki yake gerezani, okestra ikapiga, na kila kipande cha muziki kikaafikiana na kisa. Kisha akawafichulia kwamba muziki ule haukuhusiana kamwe na shujaa huyo: ulikuwa ni wa Richard Strauss, na kisa alichokikusudia Strauss ni cha Don Quixote, yule mzee aliyejidhani kuwa askari shujaa. Hadithi mbili zisizofanana zilikaa juu ya sauti zile zile, na sauti hazikubadilika hata chembe.

Funzo lake si kwamba hadithi ni uongo. Hadithi ni kama mashua ya kumfikisha mtoto kwenye chombo kikubwa kilichotia nanga mbali na ufuo. Bila ya mashua hafiki, lakini hakuna aliyesafiri kwa kubaki ndani ya mashua. Lazima uje wakati hadithi iachwe, na mtoto abaki na filimbi ambayo si ndege tena, bali ni filimbi tu, na bado imshike. Bernstein aliweza kuifanya kazi hiyo kwa sababu aliwaona watoto mbele yake. Alijua lini wamecheka, lini wamechoka, lini waachiwe mkono. Sauti iliyorekodiwa haijui. Humwambia mtoto kwamba filimbi ni ndege mara ya kwanza, na mara ya mia humwambia hivyo hivyo.

Hapa yafaa kurejea katika kitabu ambacho wengi wa Pwani wamekisikia kikisomwa, japokuwa si wote waliokifungua: Ihya ya Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika mlango wake wa samaa, yaani usikilizaji, Ghazali anaanza kwa kutaja mambo ambayo kila mlezi ameyaona. Mtoto mchanga kitandani hunyamaza kulia asikiapo sauti nzuri. Ngamia aliyechoka husahau mzigo wake asikiapo wimbo wa mchungaji, akakaza mwendo hata akajidhuru. Sauti, basi, huingia kabla ya akili. Hapo mwanadamu hana ubora juu ya mnyama. Ubora wake uko katika hatua inayofuata, ambayo Ghazali anaiita kufahamu: mtu kukipokea alichokisikia na kukiweka mahali pake ndani ya nafsi. Kutoka hapo ndipo huja msisimko, na baada ya msisimko, mwendo wa viungo.

Katika mlango huo huo Ghazali anaipokea kauli ya Junaid wa Baghdad, aliyefariki mwaka 910, kwamba usikilizaji una haja ya mambo matatu, na yasipopatikana ni bora uachwe: wakati, mahali na ndugu. Ni kweli kwamba wazee hao walizungumzia nyoyo zinazomtafuta Mola, wala si okestra wala elimu ya watoto, na haifai kuwasemesha wasilolikusudia. Lakini mambo matatu hayo ni mizani ambayo kila usikilizaji waweza kupimwa kwayo, na kipindi cha intaneti kikipimwa kwayo hukutwa kimejengwa juu ya kuyaondoa yote matatu. Sifa yake ya kwanza ni kwamba husikilizwa wakati wowote. Ya pili, husikilizwa popote. Ya tatu, mtoto aweza kukisikiliza peke yake, bila ya kumshughulisha mtu.

Na yatazamwe moja moja. Kitu kinachopatikana wakati wowote hakina wakati wake. Mtoto anayejua kwamba maulidi yatasomwa mwezi fulani, au kwamba bibi husimulia hadithi baada ya isha na si kabla, hukaa akingoja, na kungoja huko tayari ni nusu ya kusikia. Kwa kipindi kisichoisha wala kuanza hangoji. Hukifungua kama afunguavyo mfereji wa maji, na anayechota mferejini si kama anayechota kisimani: wa kisimani huujua uzito wa ndoo.

Vivyo hivyo kwa mahali. Sauti isikikayo popote huwa ni sehemu ya makelele ya mahali hapo: feni inazunguka, mlango unabamizwa, pikipiki inapita, na simfoni ya Beethoven inapita pamoja nayo. Mtoto hakosi kusikia. Anachojifunza ni kwamba muziki ni kitu cha kuwapo nyuma ya mambo mengine, na akikua nalo funzo hilo, hata siku akiketi mbele ya okestra yenyewe atatafuta cha kufanya kwa mikono yake.

Ama ndugu, yaani wenzake wa kusikiliza, hilo ndilo zito kuliko yote. Lugha ya Kiswahili imeliweka jambo hili wazi. Mtu husikia baridi, husikia njaa, husikia harufu. Kusikia ni kufikiwa tu na kitu, utake usitake. Kusikiliza ni kukusudia. Na kutoka katika mzizi huo huo watu husikilizana, neno lenye maana ya kupeana masikio na pia maana ya kupatana. Kusikia aweza mmoja. Kusikilizana hakuwi ila kwa wawili. Mtoto hutambua kwamba jambo fulani ni la kusikilizwa si kwa kuambiwa, bali kwa kumwona mtu anayempenda ametulia kwa ajili yake. Uso wa baba uliobadilika fidla ilipopanda ni somo ambalo hakuna kipindi kinachoweza kulirekodi. Sauti ya simu humsemesha mtoto kwa ufundi mkubwa, lakini yenyewe haisikilizi. Haimsikilizi mtoto, wala haiusikilizi muziki pamoja naye.

Mtu aweza kupinga kwamba Pwani yenyewe ni ushahidi wa kinyume. Je, wanamuziki wa Unguja hawakujifunza mengi kutokana na mashine? Nyimbo na mitindo ya Misri ilifika kwa santuri, kwa redio na kwa filamu, na mafundi wa udi, kanuni na fidla wakaikamata kwa sikio bila ya kuiona Cairo. Siti binti Saad na wenziwe walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sauti yake ilirudi Afrika ya Mashariki ndani ya santuri na ikawafikia watu ambao hawakupata kumwona. Mashine haikuharibu kitu hapo, iliotesha.

Pingamizi hili ni la kweli, lakini likichunguzwa huunga mkono jambo lile lile. Gramafoni ilikuwa ghali, hivyo mwenye nayo alikuwa mwenye wageni. Ililia barazani na mkahawani, na watu wakaizunguka, wakaomba sahani irudiwe, wakabishana juu ya neno moja hadi kahawa ikapoa. Wapigaji waliichukua tuni wakaipeleka kwenye chama chao, na huko mmoja akaishika vingine, mwingine akamsahihisha. Chama cha taarabu kilichoundwa Unguja mwaka 1905 kilijiita Ikhwani Safaa, na katika jina hilo limo neno lile lile la Junaid: ndugu. Mashine ilileta sauti, na wakati, mahali na ndugu vilitolewa na watu. Mashine ya leo ina uwezo mkubwa zaidi, ila imekuja na ahadi kwamba watu hawana haja tena ya kutoa chochote.

Kosa, basi, si la kipindi. Kipindi kimefanya kazi yake, na mara nyingi kimeifanya vizuri kuliko ambavyo mwalimu wa kawaida angeweza. Kosa huanza pale mtu mzima anapodhani kwamba kwa kumpa mtoto simu amekwisha kulipa deni lake. Mlezi ana deni la vitu viwili: chakula, na kukaa naye akila. Cha kwanza chaweza kununuliwa, cha pili hakiuzwi.

Hapana budi pia kuwa na insafu. Wako wazazi ambao hawana saa hiyo moja. Mama anayetoka alfajiri kwenda kutafuta riziki na kurudi magharibi hawezi kuambiwa kwamba amemnyima mwanawe kwa sababu hakuketi kusikiliza Mozart. Kwa mtoto wake kipindi ni bora kuliko ukimya, na aliyekitengeneza amefanya hisani. Lakini wako wengi zaidi wenye saa hiyo, nao huogopa kwa sababu nyingine: hawaujui muziki huo, na huona haya kuketi mbele ya mtoto bila ya kujua. Hawazijui ala, hawayajui majina, na jina lenyewe klasiki huwasikika kama mlango wa nyumba ya watu wengine.

Wanaoogopa hivyo hawajui kwamba ujinga wao huo ni mali. Mtu mzima asiyejua, ambaye hata hivyo ametulia na kusikiliza, humfundisha mtoto jambo ambalo mjuzi aliyeondoka chumbani hawezi kumfundisha: kwamba kisichojulikana hupewa sikio kwanza, na hukumu baadaye. Hakuna adabu kubwa kuliko hiyo, wala haihusu muziki peke yake. Anayeisikiliza fidla ya Ulaya namna hiyo ataisikiliza kanuni ya mtaani kwake namna hiyo hiyo, na ataitambua thamani ya zote mbili bila ya kulazimika kuidunisha moja. Mgeni hupokewa vizuri zaidi katika nyumba iliyo na mwenyeji. Na aliyezoea kulipa sikio lisilojua nafasi ya kungoja, atampa nafasi hiyo pia jirani asemaye kwa lafudhi ngeni, na mtoto mwenziwe asemaye kwa kigugumizi.

Yanayotakiwa si makubwa. Siku moja katika juma, iwe ni ile ile. Pembe moja ya nyumba, na feni izimwe ikiwezekana. Kipande kimoja tu, kisikilizwe mara mbili: mara ya kwanza pamoja na hadithi yake, na mara ya pili bila ya maneno. Yasiulizwe maswali ya mtihani. Na kipindi kinapokwisha, mkono wa mtu mzima uwahi kukizuia kile kinachofuata, ili pabaki ukimya kidogo, kwa sababu katika ukimya huo ndimo mtoto anakokiweka mahali pake alichokisikia.

Mama wa mtoto yule wa mkekani ametoka jikoni, mikono yake bado ina tui la nazi. Alikuwa anapita tu. Amesimama mlangoni, kisha ameketi ukingoni mwa mkeka, na mtoto amesogea kumpisha bila ya kuinua kichwa.

"Huyu ndege, mama."

"Nyamaza basi," mama anasema kwa sauti ya chini. "Na mimi nimsikie."